Mtu Asiyemhusu Mtu

Ofisini kwetu tulikuwa wawili, na mmoja wetu alikuwa haruhusiwi kuwa na rafiki. Nasema haruhusiwi kwa sababu ndivyo alivyokuwa akisema mwenyewe, kwa uso mkavu kabisa, kama mtu anayekwambia daktari amemkataza chumvi. Cheo chake kilikuwa Shahidi wa Mji. Mimi ni karani wa usajili wa halmashauri: naandika waliozaliwa, waliooana na waliokufa. Kwa miaka kumi na tisa meza yangu na yake zilitazamana katika chumba chenye dirisha moja, na dirisha lenyewe linatazama ukuta.

Siku hizi wengi hawajui Shahidi wa Mji alikuwa nani, wala siwalaumu. Ni cheo cha zamani, kilianza na halmashauri yenyewe. Watu wakitaka kuoana serikalini, kila mmoja lazima aje na shahidi wake. Sasa wako watu hawana mtu. Wamehamia juzi, au wamekosana na kwao, au ndugu wamekwisha. Hapo ndipo mimi hutoka mlangoni nikaita, "Shahidi wa Mji!" naye huja, husimama ukutani, hutia saini na kuondoka kabla watu hawajaanza kupeana mikono. Mtu akifa bila jamaa, Shahidi huenda makaburini, hukaa mpaka udongo umalizike, hutia saini. Mlango wa marehemu ukivunjwa, yeye ndiye wa kwanza kuingia. Kazi yake ilikuwa kuwepo tu, na ukifikiri ni rahisi, jaribu kuwepo mahali ambapo hakuna anayekujua, kila siku, kwa miaka thelathini na moja.

Kazi hiyo aliipokea akiwa na miaka ishirini na minane kutoka kwa mzee mmoja ambaye mimi sikumkuta. Mzee alimfundisha kwa wiki mbili, na siku ya mwisho akamwachia maneno haya: Shahidi wa Mji ni mtu asiyemhusu mtu. Hali kwa watu, hanywi kwa watu, haoi kwa watu. Akikiuka, saini yake haifai tena, na kila alichowahi kukishuhudia kinatiliwa shaka. Hivyo ndivyo sheria inavyosema, mzee alimwambia. Mtu mwingine angeitikia ndiyo mzee kisha akaenda zake kuishi. Huyu aliyashika.

Na aliyashika hasa. Mji wetu una vinyozi saba, naye aliwazungukia kwa zamu, kila mwezi kinyozi mwingine, asije akawa mteja wa mtu. Mkate alinunua duka hili Jumatatu, lile Jumanne. Chai ya ofisini alikunywa kwa sababu, kwa maelezo yake, ile ni chai ya halmashauri, siyo ya mtu. Mwaka wangu wa kwanza nilimletea kipande cha keki niliyooka mwenyewe. Akaniuliza kama wenzetu wa mapokezi nao wamepata. Nikasema hapana. Akanirudishia kwa adabu zote, ikiwa imefungwa vilevile nilivyoifunga. Nilinuna wiki nzima, nikambandika jina la Bwana Hainihusu, na jina likashika mpaka kwa madereva. Mimi mwenyewe, nilikuja kuelewa baadaye, alinihesabu kuwa samani ya ofisi, na ndiyo maana kuongea na mimi kuliruhusiwa.

Kwake nilifika mara moja tu, alipougua homa na saini yake ilikuwa inahitajika. Alipanga chumba nyuma ya karakana ya seremala. Kitanda, meza, kikombe kimoja, kiti kimoja. Nikakaa kwenye kile kiti, yeye akakaa ukingoni mwa kitanda na blanketi lake mabegani, nikamuuliza wageni huwa wanakaa wapi.

"Wageni gani?" akaniuliza.

Hakuwa anatania. Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi.

Alikuwa na dada mmoja, mkubwa kwake, mwalimu mstaafu, nyumba yake mtaa wa tatu tu kutoka ofisini. Hata huko alikuwa anaishia getini. Sikukuu alikuja, akasimama nje, akawasalimu, akaulizia afya, akageuza. Watoto wa dada walikua wakimjua mjomba wao kupitia nondo za geti. Mwezi wa tatu mwaka juzi, dada huyo aliingia ofisini kwetu na mkoba wake kwapani, akavuta kiti bila kuambiwa.

"Binti yangu anaolewa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, hapahapa kwenu," akasema. "Baba yake hayupo. Mjomba wake ni wewe, hana mwingine. Utamsimamia, na wewe ndiye utakayesaini upande wake."

"Dada, unajua siwezi."

"Sijui. Nieleze."

"Mimi ni Shahidi wa Mji."

"Na mimi nimekuwa mwalimu wa mji miaka thelathini na tano. Mbona nilizaa?"

Nikacheka. Wote wawili wakanigeukia, nikainamia daftari langu.

"Nikimsimamia ndugu yangu hata mara moja," Shahidi akasema taratibu, "watasema na zile nyingine nilipendelea. Kuna watu wameoana kwa saini yangu, Dada. Kuna watu wamezikwa kwayo."

"Nani atasema?"

"Sheria."

"Iko wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye kabati la chuma lililokuwa nyuma ya mgongo wangu. Kabati hilo lilikuwa na karatasi za tangu halmashauri inaanza, na kufuli lililoshika kutu, na ufunguo wake ulikuwa kwenye droo yangu tangu siku niliyoajiriwa. Sikuwahi kulifungua. Yeye hakuwahi kuniomba.

Dada mtu alilitazama lile kabati, akasimama. "Kama hutaki kuja, sema hutaki. Usinisingizie sheria." Akatoka bila kuaga, mtu ambaye kwa kuaga hana mpinzani.

Mchana kutwa Shahidi alikuwa anapiga mistari kwa rula kwenye karatasi ambazo hakuna aliyezihitaji. Tulipokuwa tunafunga ofisi, akaniambia bila mimi kumuuliza, "Yule mtoto nilimbeba siku aliyozaliwa, Bi Karani. Nilikuwa bado sijaapishwa." Binti mwenyewe wakati huo ana miaka thelathini na miwili, muuguzi, na majirani walishachoka kuuliza ataolewa lini.

Sasa wakati huohuo tulikuwa tumepata Katibu mpya wa halmashauri, kijana wa mambo mengi, akaagiza kila mwenye cheo aeleze kwa maandishi maana ya cheo chake na kazi yake, ukurasa mmoja. Cheo kisichoelezeka kingefutwa. Watu waliandika kurasa tatu, mpaka mlinzi wa maegesho aliandika kurasa tatu. Shahidi aliandika mstari mmoja: Shahidi wa Mji ni mtu asiyemhusu mtu. Katibu akaurudisha na swali pembeni kwa kalamu nyekundu: "Haya ni maelezo au malalamiko?" Kisha akaniagiza mimi nitafute kanuni yenyewe, ile ya asili.

Jumanne hiyo, Shahidi akiwa makaburini, nililipaka lile kufuli mafuta ya kupikia, nikalizungusha mpaka likakubali. Kanuni niliipata kwenye jalada la tatu, kurasa mbili zilizopigwa chapa, wino wake umekuwa rangi ya chai. Nakumbuka kila neno. "Shahidi wa Mji atakuwa ndugu wa asiye na ndugu. Atachaguliwa miongoni mwa wakazi wanaofahamika na watu na wanaotembelewa na watu, ili anayemhitaji asione kwamba amesimamiwa na mgeni. Hataruhusiwa kusaini kwa cheo chake pale ambapo mhusika ni jamaa yake. Hapo atasimama kama jamaa."

Basi. Hapakuwa na habari ya kutokula wala ya kutooa. Niligeuza nyuma, nikapekua jalada zima nikitafuta ukurasa wa tatu. Haukuwepo. Yule mzee aliyatoa wapi yale maneno, sijui. Labda aliwahi kuponzwa na rafiki. Labda naye aliambiwa hivyohivyo na aliyemtangulia. Mimi nasema alikuwa mtu asiyependa watu, akatafuta mwenzake wa kumrithisha ugonjwa wake, na Mungu anisamehe kwa kumsema marehemu.

Nikakaa na ile karatasi mapajani. Nikimpa, atamsimamia mpwa wake, atakaa na dada yake, hilo lilikuwa wazi. Lakini nikimpa atajua pia kwamba vile vinyozi saba, ile keki, lile geti, kile kiti kimoja, vyote hakuna aliyemwamuru. Ana miaka hamsini na tisa. Mtu akiambiwa ukweli wa namna hiyo akiwa na thelathini, analia kisha anaanza upya. Kwa hamsini na tisa anaanza wapi? Nikaiweka karatasi kwenye droo yangu. Katibu nikamwambia kufuli limegoma.

Nilikaa nayo siku tisa. Nilijidanganya kwamba namhurumia. Ukweli ni kwamba niliogopa kuwa pale wakati anaisoma.

Aliyenivunja ni yule binti. Alikuja Jumatano, siku mbili kabla ya ndoa, kukamilisha fomu. Mahali pa jina la shahidi wake alikuwa ameandika jina la jirani yao, mwenye duka la rangi. Alipomaliza akamgeukia mjomba wake.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama."

"Ijumaa utakuwepo? Hata pale ukutani tu?"

"Nikiitwa," akajibu.

"Sawa, Mjomba." Akachukua fomu yake, akaaga vizuri. Nilimkuta ukumbini ameegemea mbao za matangazo, anajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na aliponiona akajifanya anasoma tangazo la maji.

Alhamisi asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, nilimwekea karatasi mezani kwake. Alivaa miwani, akasoma, akageuza ukurasa, akarudi mwanzo. Nje mtu alikuwa anafagia, nikawa nasikiliza ule ufagio. Akavua miwani.

"Umeipata lini?"

"Jumanne ya wiki iliyopita."

Akahesabu kwa midomo. "Siku tisa."

"Siku tisa," nikakubali. "Nilishindwa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na ningeyapokea. Akaikunja karatasi kwa nne, akaifungua tena, akainyoosha kwa kiganja. "Wanaotembelewa na watu," akasoma kwa sauti, mara mbili, kama anayejaribu kiatu cha mtu mwingine. Kisha akachukua kofia yake akatoka, saa tatu asubuhi, hakurudi siku hiyo. Nikaichukua karatasi nikampelekea Katibu. Akasema ni cheo kizuri sana, chenye utu. Mwezi uliofuata akakifuta, lakini hilo ni la watu wa ofisi na ulimi wangu nimeambiwa niuchunge.

Ijumaa ukumbi ulijaa upande mmoja tu. Kwa bibi harusi walikuwepo wauguzi wenzake, majirani, mama mtu amekaa benchi la mbele na mkoba wake ubavuni. Upande wa bwana harusi, fundi umeme kutoka mbali, walikuwa watoto wawili na bibi kizee asiyeweza kuandika. Kaka yake aliyekuwa awe shahidi gari lilimharibikia njiani, simu ilikuwa inakuja na kukatika. Msajili wa ndoa akaangalia saa. Kwa mazoea tu akanifanyia ishara, na mimi kwa mazoea nikatoka mlangoni, na mdomo ukaita kabla kichwa hakijafikiri: "Shahidi wa Mji!"

Alikuwa amesimama nje palepale. Sijui tangu saa ngapi. Alikuwa amevaa shati jipya, bado lina mikunjo ya pakiti. Akaingia, lakini hakwenda ukutani. Akasimama katikati.

"Siwezi kusaini," akamwambia msajili.

"Kwa nini, Shahidi?"

"Bibi harusi ni mpwa wangu."

Nimeandika maelfu ya ndoa katika ukumbi ule, nimesikia watu wakisema ndiyo kwa furaha, kwa woga, na mmoja kwa usingizi. Sijawahi kusikia mtu akikataa kazi kwa sauti ile. Dada mtu hakugeuka, ila aliuchukua mkoba wake akauweka mapajani, pakabaki nafasi kwenye benchi.

Dereva wa halmashauri ndiye aliyesaini upande wa bwana harusi. Zamu ya bibi harusi ilipofika, mwenye duka la rangi alisimama akaenda hadi kwa Shahidi, akamshika mkono. "Mzee, njoo. Mimi nilikuwa nakushikia tu." Shahidi akaja mezani kwangu, nikamgeuzia kitabu. Mtu aliyewahi kusaini vitabu kumi na viwili vya halmashauri alichukua muda mrefu kuandika neno moja kwenye nafasi ya uhusiano, Mjomba, na herufi zake zilipanda mlima.

Nyumbani kwa dada alisita getini. Niliona miguu imesimama yenyewe. Binti akarudi, bado na maua kichwani, akamvuta mkono wa shati. Ndani walimkalisha mahali pa heshima, sahani ikaja, akanisogelea sikioni. "Bi Karani, naanza, au nasubiri?"

"Anza," nikamwambia. "Wewe ndiye unayesubiriwa."

Alikula sahani mbili. Watoto wa mtaa walimkalia magotini wakimuuliza alikuwa nchi gani siku zote hizo, akacheka mpaka nikaona magego yake, ambayo kwa miaka kumi na tisa sikujua kama anayo. Dada yake alikuwa anamtazama kutoka mlango wa jikoni na mwiko mkononi, machozi yanamtoka na hayafuti. Nilifurahi, na nilijipongeza pia, sitaficha. Niliona ile karatasi imefanya kazi yake na deni langu la siku tisa limesamehewa.

Tuliondoka alasiri, tukatembea pamoja kwa sababu njia yetu ni moja. Tukafika mtaa wa mafundi cherehani. Pale akapunguza mwendo.

"Vinyozi nilikuwa nawabadilisha," akasema. "Fundi sikumbadilisha. Hilo hukulijua."

"Fundi gani?"

Akaonyesha kibaraza kimoja, sasa wanauza simu. "Mwanamke mmoja, alikaa hapo. Mashati yangu yote alishona yeye, miaka kumi na minne. Nilikuwa nachana kola mwenyewe ili nipate sababu ya kuja."

Nikaitazama kola ya shati lake jipya.

"Alinikaribisha chakula. Ndani, nyuma ya duka, ndiko alikokuwa anaishi. Nikamwambia sheria hainiruhusu. Mwaka uliofuata akanikaribisha tena. Mara ya tatu akaniuliza, sheria gani inakataza mtu kula? Nikamwambia nitaitafuta nimwonyeshe." Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Sikuitafuta. Niliogopa nikiitafuta nitaiona imeandikwa kweli."

"Akaenda wapi?" nikauliza, na nilipokuwa namalizia swali nikakumbuka. Miaka sita iliyopita. Mwanamke fundi, amekufa ghafla, hana jamaa. Mimi ndiye niliyepokea taarifa. Mimi ndiye niliyetoka mlangoni nikaita. Alikwenda makaburini kama kawaida, akarudi na udongo viatuni, akatia saini, na kwenye nafasi ya uhusiano na marehemu akaandika: hakuna. Kesho yake akaomba ruhusa ya siku moja, ya kwanza na ya mwisho niliyowahi kumwona akiomba. Nilimtania siku ile. Nilimuuliza kama amepata mchumba.

"Ufunguo ulikuwa kwangu," nikasema. "Wakati wote ulikuwa kwangu."

"Sikukuomba."

"Ningekupa."

"Najua ungenipa." Akasimama akikitazama kibaraza. Kijana wa simu akadhani ni mteja, akamkaribisha, naye akamwashiria hapana kwa mkono. "Nimekula leo kwa Dada, Bi Karani, na kila tonge nikawa nalifikiria hilo. Mara tatu alinikaribisha, na hata sijui alikuwa amepika nini."